Ndoo

Asubuhi hii ulimi umeniteleza. Nimemwita binti yangu, "Ndoo," naye akaniletea ndoo ya bluu ya bafuni. Kwetu Mji wa Kale, ndoo ni njoo, lakini yeye amelelewa kwenye magorofa ya Ganjoni. Ndoo ilinuka sabuni ya mche, nami nikakumbuka Tanga.

Nilipokuwa mtoto, Nyanya alinichukua twende turudi siku hiyo hiyo, tukamwone mdogo wake aliyeolewa huko tangu ujana. Tulivuka feri ya Likoni alfajiri, nimeng'ang'ania buibui lake lililofukizwa udi, kisha tukapanda basi hadi ng'ambo ya mpaka.

Mdogo wake tulimkuta kitandani, uso ameuelekeza ukutani. Mkaza mwanawe alitunong'oneza mlangoni, "Siku hizi hatambui mtu, bibi. Msivunjike moyo."

Nyanya akaketi mkekani, akanyoosha mikono. "Ndoo, mdogo wangu," akasema. "Ndoo."

Yule mkaza mwana akatoka mbio, akarudi na ndoo ya maji. Ningecheka, lakini yule mgonjwa alikuwa amegeuka. Alikuwa ameshusha miguu, anaitafuta sakafu.

"Nakuya, dada," akajibu, kwa Kimvita kile kile cha kwetu.

Akaja polepole, akaipiga ndoo teke bila kuiona, akafika kwa Nyanya miguu imerowa.

Binti yangu angali mlangoni, ananiuliza kama nataka maji ya moto.

"La, mwanangu," nimemwambia. "Nilikuwa nakuita wewe."