Mkono wa Mama na Vidonge vya Baba

Mama yangu hupandisha ng'ombe kwa mrija. Ndiyo kazi iliyotusomesha. Kila asubuhi huvaa buti, hufunga mtungi wa mbegu nyuma ya pikipiki na kuondoka. Wafugaji humwita Glavu, na husema mkono wake ukiingia ndani ya ng'ombe huona kuliko macho ya wengine. Naeleza haya kwa hasira, maana ng'ombe mmoja tu alinyimwa mkono huo, naye alikuwa wetu.

Baba alipostaafu useremala alihudhuria semina ya siku mbili ya tiba mbadala ya mifugo, akarudi na kisanduku cha vichupa vya vidonge vyeupe, vitamu, vidogo kama punje za mtama. Alitueleza kwamba dawa hiyo huzimuliwa kwa maji mara nyingi, na kadiri inavyozimuliwa ndivyo nguvu inavyozidi.

"Basi kesho chai yangu nitilie jani moja tu," mama alisema, "nipate nguvu za trekta."

Tulicheka sana. Baba hakucheka. Alijiona amepata tena heshima aliyoiacha karakanani, na tangu siku hiyo banda likawa lake peke yake.

Ng'ombe wetu akazaa ndama wa nne salama salimini. Lakini kondo la nyuma, ambalo hutakiwa kuanguka siku hiyohiyo, likakwama. Baba akayeyusha vidonge na kumnyunyizia puani. Siku ya tatu harufu ilifika jikoni. Mama akasimama mlangoni mwa banda, glavu mkononi.

"Baba watoto, niache nimwangalie. Au tumwite daktari."

"Ukimgusa sasa utaharibu dawa. Huko nje wewe ni mtaalamu, sikatai. Hapa mwachie mumeo."

Mama akaikunja glavu. Nilitamani kukitupa kisanduku kile chooni.

"Mwanangu, nyumba hujengwa kwa kunyamaza," aliniambia.

Upuuzi mtupu! Nilimwambia hivyo hivyo, na sijamwomba radhi mpaka leo.

Baada ya wiki tatu harufu ikaisha, baba akatangaza ushindi kwa majirani. Miezi ikapita. Ng'ombe waliozaa wakati mmoja na wetu wakashika mimba nyingine. Wetu hakuonyesha hata dalili ya joto la kutaka dume, na bila mimba hakuna maziwa mapya. Mwezi wa saba tangu azae, mama hakuomba ruhusa ya mtu. Alivaa glavu, akaingiza mkono, akautoa polepole. Kizazi kilijaa usaha. Daktari wa mifugo alihangaika naye kwa sindano wiki kadhaa, kisha akasema ukweli: hatashika tena.

Mchinjaji akaja na gari lake. Akamzunguka ng'ombe, akauliza ana kasoro gani.

"Hana kasoro," baba akasema. "Mgumba tu."

Sikuwahi kumsikia mama akipaza sauti. Siku hiyo hata mchinjaji alirudi nyuma.

"Mgumba? Kazaa mara nne, leo mgumba? Huyu tumemharibu sisi wawili, baba watoto! Wewe kwa kujifanya unajua, na mimi niliyejua nikakaa kimya. Usimsingizie mnyama!"

Mchinjaji akauliza, kwa adabu, kama bado tunauza. Mama akafungua kamba mwenyewe, akamkabidhi.