Sauti Ndogo ya Bunduki ya Babu Yako

Nakumbuka asubuhi moja ya masika huko Endarasha, ukungu ukiwa bado umelalia shamba la viazi, nami nikiwa mke mpya asiyejua hata kuni za nyumba ile zinawekwa wapi. Mwanangu, nimesikia kibali cha bunduki ya babu yako sasa kina jina lako, na kwamba umekuta ghalani boksi la risasi zake. Kaa hapo kwanza. Chai ipo.

Bunduki ile ilikuwa kuukuu kabla babu yako hajaishika. Ni ya mtutu mmoja, ya marisau, zile chembe ndogo zinazotawanyika zikitoka. Aliinunua kwa mzungu aliyeuza shamba baada ya uhuru akarudi kwao, na boksi la risasi likaja nayo kama ndama anayefuata mama yake. Maganda ya risasi hizo yalikuwa ya karatasi.

Mwaka huo nilipoolewa, nguruwe mwitu walitoka msituni wakatuonea. Walifukua viazi mistari kwa mistari, na viazi ndivyo tulivyotegemea. Ndiritu, babu yako, akatoa bunduki, lakini risasi zikakataa kuingia kwa sababu unyevu ulikuwa umezivimbisha. Nami nikaona hapo ndipo pa kuonekana hodari. Jikoni kwa mama mkwe kulikuwa na itara, ule uchaga juu ya moto tunapokaushia kuni na mbegu za mahindi. Nikazipanga risasi pale, kando ya mahindi, zikapigwa na joto na moshi siku kadhaa. Usicheke. Kwetu kila kitu chenye unyevu kilipandishwa itarani, na hakuna aliyeniambia risasi si mbegu.

Zilipungua kweli, zikaingia. Babu yako alinisifu mbele ya ndugu zake, nami nikatembea kutwa nzima kama mwenye shamba.

Asubuhi hiyo ninayokuambia, nguruwe mkubwa alikuwa amesimama katikati ya viazi akila bila wasiwasi. Ndiritu akalenga, akafyatua. Badala ya mshindo tukasikia puf, kama kifuniko cha sufuria kinapoinuliwa na mvuke. Nguruwe aliinua kichwa, akatutazama, akaendelea kula. Hakuna hasira kama ya mwanamume aliyedharauliwa na nguruwe. Ndiritu aliifungua bunduki, akatoa ganda, akatia risasi nyingine, akaiweka begani.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Alikuwa amempikia yule mzungu miaka mingi, na mlio wa bunduki ile aliujua kama anavyojua sauti ya ng'ombe wake.

"Ndiritu, weka hiyo chini," alisema.

"Mami, huyu ataenda."

"Wacha aende. Hiyo haijalia vile inalianga. Kuna kitu imebaki ndani."

Kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio. Si rahisi kijana kuamrishwa na mama yake mbele ya mke mpya, na nilimwona akishindana na nafsi yake. Mwishowe alitii. Akafungua bunduki, akatoa risasi, akachungulia kutoka nyuma ya mtutu kutafuta mwanga wa upande wa pili. Mwanga haukuwepo. Aliposukuma kwa ufito, kikaanguka kizibo cha ile risasi ya kwanza, na marisau yote yakamwagika kwenye tope kama punje za wimbi. Baruti ya risasi ile, iliyoharibiwa na unyevu na joto la itara, haikuwa na nguvu ya kuyatoa. Ya pili ingeyagonga yakiwa yameziba njia, na mtutu ungepasuka karibu na shavu lake.

Nikakaa palepale kwenye tope. Mama mkwe akaja akaniinua, wala hakunigombeza.

"Mwanangu, mbegu ukiweka itara inaamka," aliniambia. "Sasa hii, sijui ulikuwa unaamsha nini."

Tukacheka wote watatu, nguruwe akimaliza mstari wake.

Risasi zile babu yako alizipeleka Nyeri pamoja na bunduki, kwa Mhindi mzee aliyekuwa na duka la bunduki. Mzee alikagua mtutu, akakataa kabisa kumwuzia risasi mpya za nguvu. "Hii bunduki mzee, bwana," alimwambia. "Ile kali itapasua yeye. Chukua hii laini."

Boksi ulilokuta ni hizo laini, lakini nazo sasa zimezeeka kama mimi. Usizijaribu. Zipeleke kwa fundi wa bunduki pamoja na bunduki yenyewe, aikague, akuambie inakula nini. Na siku ikikulilia kwa sauti ndogo, usiongeze risasi ya pili. Ngoja kidogo ukiwa umeielekeza mbali na watu, kisha ifungue utazame ndani. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu ni afadhali kuliko macho.

Nami neno hilo nililiingiza nyumbani. Babu yako akinijibu kwa sauti isiyo yake, sikumwongezea neno. Nilimpa chai, nikangoja, nikamwuliza kimebaki nini ndani. Naye alinitendea vivyo hivyo, tukazeeka pamoja kwa raha.

Macho yake yaliyosalimika asubuhi ile ndiyo yaliyokutazama ulipoletwa nyumbani ukiwa mchanga, babu yako akasema una paji la uso la mama yake. Mungu akutunzie yako, mwanangu, uwaone wanao na wana wao.