Gauni Lililotangulia Barua

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la tatu. Namba nazijua zote kwa sababu ya futi ya kupimia. Herufi nazitambua moja moja, kama watu niliokutana nao msibani, mpaka nimkazie mtu macho ndipo nikumbuke ni nani. Lakini hakuna mtu mtaani hapa anayeweka kola ikalala kama yangu, na anayebisha alete yake tulinganishe.

Miaka kumi na moja nimewashonea watoto wa shule ya pale juu. Wa madarasa ya kawaida huvaa gauni la bluu lenye kola nyeupe. Wa darasa la vipaji, ambalo huingiwa kwa mtihani, kola yao nyekundu. Mjukuu wangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake, amekulia chini ya meza yangu ya kukatia. Kujumlisha alijifunza kwa vifungo. Alipokuwa na miaka sita alinisahihisha hesabu ya kitambaa mbele ya mteja. Alikuwa sahihi, nikamfinya.

Mwaka huu akafanya ule mtihani. Akatoka akaniambia, "Bibi, ulikuwa rahisi." Basi nikafanya jambo ambalo fundi hafanyi: nikamkatia nguo mtu ambaye hajaagiza. Nikashona gauni siku ile ile, nikaacha pindo la vidole vinne ili limfae miaka mitatu, nikaweka kola nyekundu, nikalitundika ukutani kuelekea mlangoni. Kila aliyekuja kupimwa nilimweleza la nani, hata asipouliza.

Barua ya majibu ya mtihani ililetwa Ijumaa mchana, duka limejaa. Ilikuwa ya mlezi, yaani mimi, maana mama yake Sindano anafanya kazi mbali na huja mwisho wa mwezi. Ningeweza kuitia mfukoni. Lakini wateja walikuwa wamenitumbulia macho, na sikutaka wanione nikihangaika na herufi. Nikampa mtoto.

"Soma, mama. Kwa sauti, wakusikie mpaka nje."

Akasimama wima, akasoma. Wanashukuru kwa mtoto wako kushiriki. Watoto walikuwa wengi. "Tunasikitika kukufahamisha…" Hapo sauti ikapungua, ila haikukatika. Akasoma mpaka cheo cha aliyetia sahihi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilimfundisha kwamba kitu kikianzwa kinamalizwa. Akaikunja, akanirudishia, akaingia chini ya meza.

"Ah, si kitu," muuza mayai akasema. "Hata mimi nilifeli, na nipo."

"Atajaribu mwakani," akadakia mwingine. Uongo mtupu. Mtihani ule mtoto hufanya mara moja tu.

Jioni mama yake akapiga simu, akamwambia Mungu ana mpango wake. Sindano akajibu, "Sawa, mama," akanirudishia simu kama mtu anayerudisha chenji isiyotosha.

Jumatatu hakwenda shule, tumbo linauma. Jumanne, tumbo. Nikavaa viatu vyangu vya kutokea, nikaenda kwa mwalimu mkuu.

"Mama, si kwamba mtoto hana akili," akaniambia.

"Kwa hiyo anazo?"

"Anazo."

"Sasa mnamkataliaje?"

"Viti, mama. Viti ni thelathini, watoto walikuwa mia tatu na kumi na wawili."

"Kama shida ni kiti, kiti nitaleta mwenyewe."

Akacheka, akidhani natania. Nikatoka bila kuaga. Nilipofika dukani nikamwambia Sindano, kwa majivuno, kwamba nimempa mwalimu mkuu ukweli wake, na kiti tutapeleka. Akajifunika uso.

"Bibi! Sasa shule nzima watajua."

"Wajue! Na hilo gauni halishuki hapo mpaka wanijibu."

Jumatano, tumbo. Alhamisi akaja mke wa mwenye duka la dawa na binti yake, ambaye alichaguliwa. Alitaka gauni la kola nyekundu, na alilitaka upesi. Akaangaza ukutani.

"Si hili hapa limekwisha? Linamtosha binti yangu. Punguza pindo tuondoke nalo."

"Hilo lina mwenyewe."

"Nani?" akauliza, na alijua, kila mtu alijua.

Kabla sijamjibu, Sindano akatoka chini ya meza, nywele zimejaa nyuzi.

"Halina mwenyewe, mama. Bibi alikosea kushona."

Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kusema hivyo ndani ya duka langu. Nikampima yule binti, nikakosea kiuno mara mbili. Walipoondoka nikamgeukia mjukuu wangu.

"Umenitia aibu."

"Na wewe je? Umenitundika ukutani! Barua niliisoma mara moja, Bibi. Gauni wanalisoma kila siku."

Nilikuwa na jibu. Mimi huwa nalo. Safari hii nikalimeza, nikapanda kigoda na magoti yangu haya, nikalishusha.

"Ile barua," nikamwambia nikiwa bado juu, maana nikiwa juu ilikuwa rahisi kusema, "nilikupa wewe kwa sababu siwezi kusoma haraka. Niliona haya mbele ya watu."

"Najua."

"Unajua?"

"Kila siku unasema umesahau miwani. Bibi, wewe huna miwani."

Nikampa wembe wa kufumulia, tukakaa mlangoni penye mwanga, gauni magotini petu. Yeye akaanzia bega la kulia, mimi la kushoto.

"Ulilia?"

"Chini ya meza. Ukiendesha cherehani, ili usisikie." Akakata nyuzi tatu. "Na haukuwa rahisi. Kurasa mbili za mwisho sikuzielewa. Nilitaka tu ufurahi."

Nikavuta uzi wa mwisho. Kola ikatoka. Akalinyanyua gauni kwenye mwanga.

"Mashimo ya sindano yanaonekana."

Nusura niseme hayaonekani. Wiki nzima alikuwa ameambiwa maneno ya namna hiyo.

"Yanaonekana," nikasema. "Ukilifua mara nne tano, mengine yatajifunga. Mengine yatabaki."

"Kola nyeupe itayafunika?"

"Yote, isipokuwa hili la begani."

Akalitazama hilo moja, akaligusa kwa kidole. "Basi tuweke."

"Weka wewe. Mimi nimeambiwa nakosea kushona."

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu Ijumaa, akakaa kwenye kiti changu. Aliiweka mwenyewe kola, imeelemea kushoto kwa upana wa punje ya mchele. Mtu mwingine asingeona. Mimi niliona, na mkono ulinicheza kutaka kuifumua. Nikaukalia.

Kesho yake alikwenda shule amelivaa, uso umekunjamana, bila kuniaga vizuri. Lakini alikwenda. Nikabaki mlangoni namtazama mpaka kona, ile kola imeelemea, na kila anayenijua mjini hapa atadhani nimeishona mimi. Wacha wadhani. Ila mwalimu mkuu akija kupunguza suruali atakaa foleni kama watu wengine, na kiti sitampa.