Palizi ya Mikorosho

Mume wangu ni Mbahai anayejua kuongea. Waumini wakikusanyika sebuleni kwetu Kibaha kusali, akifika kwenye usawa wa mwanamke na mwanamume husimama kabisa, mkono kifuani, huku mimi nikipita mbele yake na birika la chai. Sisemi kwamba hafui nguo. Anafua, ila huanika nyuma ya nyumba.

Baba mkwe alipofariki, ndugu tuliitana kijijini kwao Masaki kuzungumzia shamba lake la mikorosho. Baba mdogo akasema mabinti wawili wameshaolewa, kwa hiyo shamba lote ni la mtoto wa kiume. Naye mtoto wa kiume ni mmoja tu, mume wangu.

“Hapana, baba mdogo,” akasema. “Imani yangu hainiruhusu. Dada zangu wapate sawa na mimi.”

Safari hii hakusimama wala hakuweka mkono kifuani. Mama mkwe akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilijivuna, ingawa sikumwambia.

Wifi mkubwa akakohoa kidogo. “Tumeshukuru, kaka. Na palizi?”

“Palizi gani?”

“Ya hiyo mikorosho. Miaka yote tunapalilia sisi, wewe unatokea korosho zikishaokotwa. Kama ni usawa, basi uwe usawa wote. Jumamosi tunakusubiri.”

Mume wangu akanigeukia nimwokoe. Nikawa natazama kuku.

Jumamosi tukaenda, yeye na jembe jipya na raba nyeupe. Jua halijapanda vizuri, viganja vimeshatoka malengelenge, na dada zake wako mbele huko wanapiga soga.

“Jamani, nyie hamchoki?” akawauliza.

“Tunachoka sana,” wifi mdogo akajibu. “Hatukuwa na wa kumwambia tu.”

Akainama, akaendelea kulima.

Mama mkwe alileta mihogo ya kuchemsha, akawagawia mabinti kwanza.

“Mama, na mimi?”

“Subiri, mwanangu. Zamani wao ndio waliokuwa wanasubiri.”

Mume wangu akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

Palizi iliyofuata alikwenda bila kuitwa. Mimi nikatafuta kivuli kizuri, nikakaa na soda yangu. Wifi mkubwa akaja, akanisimamia.

“Wifi, hiyo imani si mnayo wote wawili?”

Nikainuka. Jembe langu lilikuwa tayari limeegemezwa kwenye mkorosho.