Mshambuliaji Aliyeitwa Samahani

Jina la Samahani mume wangu alilipata uwanjani, na hata mimi niliyemjua kabla hajawa na jina lolote sasa namwita hivyo bila kufikiri. Linamfaa. Wachezaji wa kulipwa wana adabu yao moja ambayo hawakufundishwa na mama zao: ukiifunga timu uliyowahi kuichezea, hushangilii. Unainua viganja, unainamisha kichwa, unarudi katikati polepole kama mtu aliyevunja sahani ugenini. Mchezaji wa kawaida hupatwa na hayo mara moja moja. Mume wangu alizichezea timu nyingi mno, mwisho akawa hana pa kufurahia. Kila akitikisa nyavu, kuna jukwaa la kuombwa radhi.

Hakuanza hivyo. Alianza kwenye timu ya kiwanda cha saruji, kijana mwembamba anayebeba mifuko asubuhi na kufunga magoli jioni, kwenye uwanja wenye mteremko: kipindi cha kwanza mnapanda, cha pili mnashuka. Siku hizo akifunga alikuwa anakimbia mpaka nje ya uwanja, anavuka barabara, analizunguka duka la vifaa vya ujenzi, ndipo arudi mchezo uendelee. Mimi nilikuwa nasuka nywele kwenye baraza ya duka hilo. Alinipita mara nyingi kabla ya kunisemesha, na nilipomuuliza anatafuta nini upande huu, akasema, "Napunga upepo tu, dada." Muongo mkubwa.

Kisha akatokea wakala. Simlaumu, ni mtu mpole, sauti yake laini kama mafuta ya nazi, ila kila akipiga simu mume wangu huanza kutafuta soksi. Aliondoka, akarudi tukaoana kati ya msimu mmoja na mwingine, akaondoka tena. Hakukalia kiti kikapata joto. Timu hii ilishuka daraja, ile ilileta kocha mpya aliyekuja na mshambuliaji wake, na nyingine ilimpenda sana mpaka ikamwazimisha kwa jirani.

Alikuwa ananipigia simu nikiwa saluni kwangu, nami naibana simu kwa bega, kitana mkononi, nasikiliza miji yake. Kulikuwa na mji ambao jua lilikataa kuzama. Walifanya mazoezi, wakala, wakaoga, na bado ni mchana, mpaka akaziba dirisha kwa blanketi ili audanganye mwili. Kulikuwa na mji wa mchanga, uwanja wake unanyweshwa maji usiku kucha, na ukivuka mstari hatua chache tu ni jangwa. Kulikuwa na mji wa theluji, walikopewa mpira wa rangi ya chungwa ili wauone, naye akauandama kwenye weupe ule kama anayefuata taa. Nilikuwa nasikiliza hadi namsahau mteja niliyemsuka nusu kichwa. Kichwani mwangu miji yote iliungana ikawa mmoja, wenye jua na theluji na mchanga, na katikati yake mume wangu peke yake, anakimbia bila kishindo. Nilikuwa na hamu naye, basi. Na hamu ikikaa sana inakuwa kama usingizi wa mchana, ukiamka hujui ni saa ngapi.

Hata yeye miji ilimchanganya. Siku moja alifunga goli zuri la kichwa, akainua viganja, akainama mbele ya jukwaa la wenyeji, mkono kifuani, karibu atoe chozi. Mashabiki wakatazamana. Hakuwahi kuichezea timu ile hata dakika moja.

"Nilikosea," aliniambia kesho yake. "Jezi zilikuwa za kijani. Nilidhani ni wale wangu wa kijani."

"Timu uliyokula nayo mwaka mzima huijui?"

"Wa kijani ni wengi, mama Chiriku."

Chiriku ni binti yetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna likizo: anaongea na wateja, anaongea na ukuta, anaongea na mashine ya kukaushia nywele mpaka inyamaze yeye aendelee. Alikulia saluni, kwenye sakafu yenye vipande vya nywele, chini ya televisheni. Samahani akitokea, wateja humwita, "Chiriku, baba'ako huyo!" Naye husimama kimya, kidole mdomoni, anamtazama mpaka picha ibadilike.

Mwishowe goti la mume wangu likaanza kulia kama mlango mkavu. Mkataba ukaisha, akarudi nyumbani kupumzika. Hapo ndipo nilipoona ajabu. Chiriku wangu alinyamaza. Alimwamkia baba yake kwa adabu zote, akamletea maji kwenye trei, akakaa ukingoni mwa kiti, mikono mapajani. Kisha akanifuata jikoni.

"Mama, baba anaondoka lini?"

Hakuuliza kwa huzuni. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua shuka za wageni zitafuliwa lini. Nikajifanya naosha sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Wiki hiyo hiyo wakala alikuwa amepiga. Kuna timu, mbali, msimu mmoja tu, goti watalitibu wao, jibu linatakiwa Ijumaa. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilijiapiza sitamwambia abaki, maana ukimfunga mtu kamba hujapata mume, umepata mbuzi. Lakini nilijua kwamba akiondoka safari hii, atakaporudi atamkuta mtoto ameshaacha kumngoja. Niliogopa, nasema wazi, na nilipoogopa nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa wateja wanaolipa.

Wateja nao hawana dogo. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!" waliniambia walipomwona amekaa saluni amekunja mikono. Jembe sina, nikampa ufagio. Akafagia nywele vizuri, kwa chenga, kushoto, kulia, mpaka kwenye pipa. Bibi mmoja aliyekuwa na rola kichwani akapaza sauti, "Shemeji, angalia, nyuma yako kuna beki!" Saluni nzima ilicheka. Chiriku peke yake hakucheka. Alimsogezea mgeni kizoleo, akarudi kwenye kona yake.

Alfajiri moja mume wangu aliniamsha anisimulie ndoto. Ameota wachezaji wenzake wote, wa kila mji, wako kwenye uwanja mmoja, kila mtu na jezi yake. Majani ni laini, hakuna kelele. Kila mmoja anampasia yeye, na kila pasi inafika mguuni. Anakimbia na mpira, anakimbia, wanampisha kwa upole, na goli halipo. Hakuna milango. Uwanja unaendelea tu mpaka unageuka ukungu.

"Nikiacha mpira nitakuwa nani?" akaniuliza.

"Utakuwa mume wangu. Nafasi hiyo iko wazi tangu zamani."

Alicheka, lakini macho yake yalibaki darini. Nilimwonea huruma. Nikamfunika, nikalala upande wangu.

Alhamisi jioni nilikuwa uani naanua taulo za saluni. Mume wangu, kwa kukosa la kufanya, aliweka ndoo mbili akasimama katikati yake kama kipa, akamwambia mtoto apige. Chiriku alipiga kwa kutii tu, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha akapiga kwa nguvu, kwa ndani ya mguu, mpira ukapita katikati ya miguu ya baba yake. Tobo la kweli, kwa mshambuliaji mzima!

Mume wangu akafungua mikono ambebe. Lakini Chiriku alikuwa ameshainua viganja viwili. Akainamisha kichwa, akageuka, akaanza kurudi polepole, uso mzito kama wa msibani.

"Wewe, umefunga!" mume wangu akamwambia. "Mbona hivyo?"

"Ndivyo mtu anavyofanya akifunga."

"Nani kakwambia?"

Chiriku alinitazama mimi, kama vile anaomba nimsaidie mgeni asiyejua mambo. "Baba akifunga hafurahi," akasema. "Kwenye tivii anaomba msamaha."

Taulo niliyokuwa nimeianua nikairudisha kambani. Mume wangu alikaa chini pale pale kwenye saruji, akiwa amemkazia mtoto macho. Sikuwahi kumwona na uso ule, hata siku alipoumia.

"Ukifunga unafurahi, mwanangu," alimwambia.

"Hata kama nimemfunga baba?"

"Hapo ndipo unafurahi zaidi."

"Nafurahije?"

Akafikiri. Nilimwona kabisa akitafuta, kama mtu anayepekua mifuko ya koti la zamani. Kisha akainuka, goti likalia, akatoka mbio nje ya geti. Mbio gani, alikuwa anachechemea! Alilizunguka gari bovu la jirani, akaizunguka nguzo ya umeme, mikono juu, anapiga kelele za furaha kwa goli alilofungwa yeye. Chiriku alishangaa kidogo, kisha akamfuata anapiga ukelele, na ukelele ukageuka maneno, na maneno hayakukatika tena mpaka alipolala na tonge mkononi.

Ijumaa wakala akapiga. Mume wangu alimsikiliza muda mrefu, akasema, "Nashukuru, kaka, lakini safari hii hapana." Akaiweka simu juu ya friji. Kisha akalia. Sikumzuia wala sikumwambia yatapita. Mtu akiiaga kazi aliyoipenda, machozi ni haki yake, na mimi niliyekuwa nimeshinda nililia naye.

Jumatatu alijitolea kumpeleka mtoto shule. Njia haijui, kwa hiyo Chiriku ndiye aliyemshika mkono na kumwongoza, anamweleza ni mbwa yupi mkali na mwalimu yupi anasinzia. Mimi nilifuata kwa mbali, eti naenda kununua rola.

Getini mlinzi alimtambua, akaruka kutoka kwenye kiti. "Wewe si Samahani? Kaka, tumekutazama sana! Sasa safari hii unakwenda nchi gani?"

Mume wangu alimpa mlinzi mkono. Chiriku akaliweka begi lake sawa mgongoni.

"Haendi," akamwambia mlinzi. "Huyu ni baba. Anakaa kwetu."