Paka wa Mangi na Petroli Yetu

Paka wa Mangi, mwenye duka mtaani kwetu Ilala, alikuwa anakunywa petroli. Nilipokuwa mtoto niliamini hivyo kabisa, maana macho yake yaliwaka kama taa za lori. Juzi pale Mchikichini nilimwona dereva wa bodaboda amefunika tangi lake kwa nailoni, mvua isiingie, nikakumbuka, nikacheka peke yangu.

Baba mdogo alituundia kigari cha injini cha kuchezea mchangani. Ili kumkomesha paka, mimi na binamu yangu Hashimu tuliziba mfuniko wa tangi kwa nailoni. Mchana ule kigari kikawa kinazimika kila kikienda kidogo. Baba mdogo akaapa kwamba kisipozunguka uwanja kabla ya magharibi, anakiuza kama chuma chakavu.

"Ni yule paka tu!" nikamwambia Hashimu. Tukaongeza mpira wa tyubu, tukakaza mpaka vidole vikanuka petroli mwezi mzima. Kikazimika haraka zaidi. Nikamkodolea macho paka, naye akapiga miayo kama mwizi mzoefu.

Dada Rukia akaja, akafungua mfuniko. Tangi likavuta pumzi, fyuu!

"Mbona petroli imejaa? Mmeziba tundu la hewa la mfuniko, ndiyo maana haishuki kwenye injini."

Akatupa nailoni na mpira, akavuta kamba ya kuwashia, akakipanda, kigari kikanguruma na kuzunguka uwanja wote. Aliporudi akanitazama.

"Na wewe, mdogo wangu, paka hanywi petroli."