Vichupa Vitupu vya Tata Kasongo

Mi nilikulia Mutoshi, katikati ya mifuko ya madini, na pale mtu haamini kitu mpaka akione na akipime. Nikaingia na akili hiyo hiyo kwenye labo yetu ya Kolwezi, tunakochunguza jinsi vumbi la kobalti linavyoumiza seli za mapafu.

Tulingoja miezi dawa ya kuziba mikroRNA, vile vinyuzi vinavyoiamuru seli ipunguze protini. Dereva wetu, Tata Kasongo, akaileta katika boksi kutoka Lubumbashi. Nikafungua kichupa cha kwanza: hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Vyote vitupu!

Sikuuliza mtu, mi mwenye diploma ukutani. Nikamfokea mbele ya wote: "Tata, ile dawa uliuzisha kwa nani?"

"Mama, mi shikufungula hata karto," akajibu, kofia mkononi. Siku hiyo hiyo akasimamishwa kazi.

Jumatatu profesa wetu, mkuu wa labo, alirudi safarini, akamwita Tata Kasongo, akatukusanya. Akasema dawa hiyo huja imekaushwa, na ni kidogo mno, jicho haliioni. Unatia maji mulemule ndani, inayeyuka. Yote yaliandikwa kwenye karatasi ya maelezo. Karatasi hiyo mi nilifungia karanga.

"Haya, leteni vichupa tuanze."

Sikuinuka. Tata Kasongo ndiye aliyekwenda kwenye sinki, nilikovipanga vichwa chini, akavileta vyote vikinukia sabuni.

"Ni hibi, Profesa. Mama alibisafisha muzuri."